Msumeno wa mnyororo uliotumika: ukiwa baridi unawaka vizuri, ukipata moto unazima

Gogo Kavu

Wakuu, habari zenu. Nataka kununua msumeno wa mnyororo uliokwisha kutumika, wenye injini ya ukubwa wa wastani, na mwenye nao amekubali nikae nao kwanza niukague kabla hatujapatana bei. Ukiwa baridi hauna tatizo: unavuta choki, unavuta kamba mara chache, unawaka na kushika sailensi (mzunguko wa chini bila kupigwa resi), na ukipigwa resi unapanda bila kusita. Shida inaanza baada ya kukata magogo kadhaa. Nikiachia resi, mzunguko wa injini haushuki papo hapo bali unabaki juu kwa muda kidogo ndipo uteremke, kisha injini inazima yenyewe, na kuiwasha tena ikiwa na moto ni kazi ya kutoa jasho. Cheni nayo inatembea polepole hata nikiwa nimeachia resi kabisa, na kinachotoka kwenye mti ni vumbi laini kama unga.

Muuzaji anasema ni kabureta tu, na kwamba ikizungushwa skrubu kidogo mambo yatakaa sawa. Naomba wenye uzoefu mnieleze nianzie wapi kukagua, na ni dalili zipi nikiziona nirudishe mashine ya watu bila mazungumzo zaidi.

Fundi Pistoni

Ndugu, skrubu za kabureta usiziguse kwa sasa, hata muuzaji akisisitiza. Mzunguko unaobaki juu baada ya kuachia resi ni dalili ya mchanganyiko mwepesi, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, na mara nyingi hewa hiyo haipiti kwenye kabureta bali inaingia kwa njia ya pembeni: mpira unaounganisha kabureta na silinda umepasuka, gasketi imelegea, au sili (mipira ya kuzuia hewa) za krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, zimekwisha. Ukifungua skrubu ili petroli iongezeke, utauficha ugonjwa kwa siku chache tu. Kumbuka kwamba katika injini ya aina hii oili ya kulainisha husafiri ndani ya petroli, kwa hiyo petroli ikipungua na oili inapungua, joto linapanda, na pistoni ndiyo inayolipa.

Kwa hiyo anza na pistoni. Acha injini ipoe, fungua nati za ekzosi uitoe, kisha vuta kamba taratibu huku ukimulika kwa tochi kwenye tundu la kutolea moshi. Pistoni yenye afya utaiona inang'aa kwa weupe uliofifia, mara nyingi ikiwa bado na mistari myembamba ya kiwandani inayoizunguka kwa mlalo, na ringi ikikaa huru katika mfereji wake. Usichotaka kuona ni mikwaruzo ya wima. Ikiwa upande wa ekzosi peke yake, kwa kawaida injini ilikimbia na mchanganyiko mwepesi. Ikiwa imezunguka pande zote, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu aliitia petroli isiyo na oili. Ukiweza kutoa na kabureta, tazama pia upande wa kuingizia, kwa sababu pistoni iliyosagika na kupoteza mng'ao upande huo imekuwa ikila vumbi lililopita kwenye chujio la hewa lililotoboka au lisilokaa vizuri.

Silinda ni habari nyingine. Nyingi zimepakwa tabaka gumu kwa ndani, na michirizi ya alumini iliyohamia kutoka kwenye pistoni inaweza kusafishwa, ila pale ambapo tabaka lenyewe limebanduka hakuna dawa zaidi ya kununua silinda nyingine. Pitisha ukucha kwenye mkwaruzo: ukinasa, rudisha mashine.

Baada ya hapo pima mgandamizo. Geji ya kufunga kwenye tundu la plagi ndiyo ya kuaminika: choki ikiwa wazi na resi imebanwa hadi mwisho, vuta kamba mpaka mshale usipande tena. Injini ya ukubwa huo ikitoa 120 psi (kipimo cha shinikizo) na kuendelea inafanya kazi, ikifika 150 ni nzuri, na ikiwa chini ya 100 ndipo huanza kugoma kuwaka ikiwa na moto. Wengi huuning'iniza msumeno kwa mpini wa kamba na kutazama unashuka kwa kasi gani. Mimi siutegemei mtindo huo, kwa sababu mashine nyingi zina vali ya kupunguza mgandamizo, na hata zisizo nayo hutofautiana kwa uzito.

Mkereza Mbao

Nakubaliana na Fundi kuhusu pistoni, lakini injini inayozima ikiwa na moto ina washukiwa wengine wawili ambao ni rahisi kuwatambua kuliko sili. Itakapozima tu, fungua mfuniko wa tangi la petroli taratibu, mbali na ekzosi. Ikisikika hewa ikivutwa kuingia ndani, na baada ya hapo injini ikawaka na kufanya kazi kama kawaida, basi tundu la kupumulia la tangi limeziba, nayo hiyo ni dakika chache za usafi. Ikibaki kimya, chomoa plagi papo hapo kabla haijapoa, safisha mafuta yaliyomwagika, iguse kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake na uvute kamba. Koili, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, ikiwa mbovu huwa na tabia ya kutoa cheche ikiwa baridi na kuzipoteza ikipata joto, ndiyo maana ukiipima asubuhi inakudanganya.

Plagi yenyewe pia inazungumza. Rangi ya kahawia iliyokolea kiasi ni njema, nyeusi na yenye unyevu inaonyesha petroli nyingi au chujio la hewa lililoziba, na nyeupe inaunga mkono hoja ya hewa ya pembeni.

Beringi za krenkishafti usizisahau. Ondoa kamba na mfuniko wake, shika gurudumu la sumaku lililo kwenye ncha ya krenkishafti kwa mkono, ulisukume juu na chini. Ukihisi hata mchezo mdogo, beringi zimekwisha, na sili mpya juu ya beringi iliyolegea haitadumu. Vilevile injini ikiwa kwenye sailensi ilaze ubavu huu, kisha ubavu ule. Mlio ukibadilika sana, hewa inaingia mahali.

Msasa wa Mwisho

Wenzangu wamemaliza injini, mimi nigusie upande unaokata. Huo unga unatokana na cheni butu, kwa maana meno makali hutoa vipande vinavyoonekana. Cheni butu humfanya mkataji akandamize, na injini huchemka bila sababu, hivyo inoe kwanza kabla hujahukumu nguvu ya mashine. Kutembea kwa cheni bila resi husababishwa na sailensi iliyopandishwa kupita kiasi au springi za klachi zilizochoka. Nashuku la kwanza: mtu aliipandisha makusudi ili injini inayovuta hewa isizime mbele ya mnunuzi.

Tazama meno ya spoketi, yaani gurudumu dogo linalozungusha cheni. Mfereji uliochimbika kufikia nusu milimita unataka spoketi mpya, na cheni mpya juu ya spoketi iliyolika huharibika upesi. Elekeza ncha ya bamba (chuma kirefu ambacho cheni inazunguka juu yake) kwenye karatasi safi bila kuigusa, piga resi ya kati, na mstari wa oili uonekane. Breki ya cheni isiposimamisha cheni mara moja unapoisukuma, hilo kwangu linatosha kuvunja biashara.

Gogo Kavu

Nashukuru sana. Mfuniko wa tangi haukubadilisha kitu, na cheche ipo hata injini ikiwa na moto. Mgandamizo umesimama 135 psi. Upande wa ekzosi pistoni ina mikwaruzo miwili myembamba isiyonasa ukucha, silinda ni safi, na gurudumu la sumaku halichezi. Mpira wa kabureta ulionekana mzima mpaka nilipoukunja kwa vidole, ndipo ufa ukafunguka karibu na klipu, mrefu karibu nusu ya mzunguko wake. Spoketi imelika, lakini breki inashika. Je, inafaa?

Fundi Pistoni

Inafaa, ila si kwa bei ya mashine nzima. Ufa huo unaeleza dalili zako zote za injini, na mikwaruzo hiyo inaonyesha kwamba msumeno ulitumika hivyo kwa muda lakini haukufikia kukwama. Bei unayotoa ihesabu mpira, spoketi, cheni na seti ya sili, ukizichukulia sili kuwa zimechoka hadi zipimwe. Wakati wa kuzipima, mwambie fundi atumie shinikizo na pia mvuto wa hewa, kwa sababu mdomo wa sili iliyochoka unaweza kukazwa na shinikizo la ndani ukaonekana mzima, halafu ukaachia pale injini inapovuta. Hakikisha pia kwamba vipuri vya modeli hiyo bado vinapatikana, kabla hujatoa fedha.

Mpira mpya ukishafungwa ndipo uguse kabureta, ukitumia petroli mpya na mchanganyiko ulioandikwa na mtengenezaji; kwenye mashine nyingi za sasa ni 50:1, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja. Teremsha sailensi mpaka cheni isimame kabisa. Kwa skrubu ya mwendo wa juu, resi ikiwa mwisho bila mzigo, mlio uwe na kukwaruza kidogo, kisha usafike pale cheni inapoingia kwenye mti. Ukisikia mlio mwembamba na safi kabla hujakata chochote, achia resi na uifungue skrubu hiyo kidogo.