Mdau anataka kuichukua timu yetu, ila jina libadilike. Tukubali?

Katibu wa Mchangani:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni katibu wa timu ya mtaa hapa Makambako, tunacheza ligi ya mkoa, daraja la tatu. Mfadhili hatuna. Tunaishi kwa buku buku za wanachama na wadau wachache wa stendi. Mechi za nyumbani tunazimudu: chokaa tunachora wenyewe, nyavu tunashona wenyewe. Kinachotuua ni ugenini. Ukipangiwa Makete au Ludewa, kukodi Kosta peke yake kunamaliza mfuko, bado msosi wa vijana. Kuna mechi tumekwenda bila mtu wa benchi hata mmoja.

Sasa kajitokeza mfanyabiashara wa mbao. Anabeba kila kitu: jezi, usafiri, kambi, posho, kocha. Masharti yake ni matatu. Jina la timu liwe la kampuni yake, yeye awe mwenyekiti, na leseni za wachezaji, yaani kadi zao za usajili, akae nazo yeye. Wazee walioanzisha timu hawataki hata kusikia. Vijana wanasema njaa haina jezi. Nishaurini, kikao ni wiki hii.

Mzee wa Kona:
Unauliza kama mtu mwenye machaguo. Chukua hela, mkuu. Jina halifungi goli. Njombe Mji walikuwa na jina la mji wao, wakapanda Ligi Kuu 2017, mwaka uliofuata wakashuka.

Mwana Mbarali:
Mzee wa Kona, usiseme hivyo mbele ya mtu wa Mbarali. Timu ya Ihefu tuliiita yetu. Novemba 2022 Yanga walitua uwanja wetu wa Highland Estate wakiwa na mechi 49 za ligi bila kufungwa, wakalala 2-1. Ubaruku siku ile hapakulalika! Haikupita miaka miwili timu ikahamia Singida, na msimu wa 2024/25 ikaanza ikiitwa Singida Black Stars. Timu ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hatukuwa sisi. Nafasi ya kwenye ligi inabebeka, Katibu. Uwanja wenu na watu wenu haviendi popote.

Mzee wa Kona:
Ila ile 2-1 mliiona kwa sababu kuna mtu alilipa.

Mwana Mbarali:
Hilo sibishi.

Kibendera Mstaafu:
Nimekaa chama cha mpira cha wilaya muda mrefu, nisikilize. Kabla ya jina, katiba yenu inasemaje? Mmesajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, au mnacheza kwa barua ya mtendaji? Kama usajili upo, timu ni ya wanachama. Wewe na mwenyekiti hamuwezi kuigawa mezani kwa soda mbili, lazima mkutano mkuu, na muhtasari uandikwe. Hata Simba mwaka 2017 waliita wanachama kupiga kura kuhusu mwekezaji, na serikali ikashikilia wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa.

Pili, hayo masharti matatu hayana uzito sawa. Jina ni fahari tu. Uenyekiti una ukomo, uchaguzi unakuja. Leseni ndiyo mali. FIFA ina utaratibu: mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Na kijana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, klabu zilizomlea hulipwa fidia ya mafunzo. Mbwana Samatta aliyefika hadi Ulaya alitokea African Lyon ya hapa hapa. Hao wa kwenu hakuna ajuaye.

Mpe jina kifuani na mgongoni, mpe cheo cha mlezi, na mkataba wa msimu mmoja mmoja. Hela ya Kosta aipeleke mwenyewe kwa mwenye Kosta, ili asije kusema mmeila. Leseni zibaki klabuni.

Mama Wawili:
Nami naongeza: muulize anataka kuipeleka wapi timu ikipanda. Aandike.

Katibu wa Mchangani:
Asanteni sana. Kibendera, tuna winga wa miaka 17 yuko nasi tangu darasa la sita, ila tumemsajili kwenye mfumo wa shirikisho msimu huu tu. Hiyo miaka ya nyuma inahesabika?

Kibendera Mstaafu:
Bila usajili ni ngumu kuthibitisha, kinachoangaliwa ni kumbukumbu za shirikisho. Wadogo zake wasajilini mapema, msingoje wakue.

Katibu wa Mchangani:
Mrejesho: nimeongea na mdau. Jina kukaa kifuani tu anasema linazungumzika. Uenyekiti pia kalegeza. Leseni ndiyo hataki kabisa kuachia.

Mwana Mbarali:
Si ndiyo hizo alizozifuata?

Katibu wa Mchangani:
Kikao nimekisogeza, wanachama wote waje. Wakati huohuo Jumapili tuna Ludewa. Mwenye Kosta ya bei ya kizalendo aje inbox.