Kava ya gemu inasema "familia, wachezaji wanne", kwenye TV anacheza mmoja. Nimepigwa elfu 85 na nina hasira

Wakuu habari za jumapili. Modi naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa "gemu gani kali kwa sasa", kule mnasifia, mimi hapa nalalamika.

Kwanza mnijue. Mimi mpenzi wa gemu tu, sio fundi sio muuzaji, riziki yangu inatoka kwingine kabisa. Ila kama miaka mitatu hivi nina kaugonjwa ka kucheza gemu za watu wengi, zile za sebuleni na watoto, nikimaliza naandika kidogo natuma kwenye magrupu ya hapa Mwanza, ipi ununue ipi uikimbie. Silipwi hata mia. Kwa hiyo mimi ndio mtu ambaye hakutakiwa kupigwa, na nimepigwa kama mgeni aliyeshuka stendi leo.

Iko hivi. Dada yangu anaishi Nansio, kisiwani Ukerewe, likizo ya mwezi wa sita akanitumia wanawe watatu, mapacha wa miaka 6, Kulwa na Doto, na kaka yao wa miaka 12. Wameshuka kwenye meli hata shikamoo haijakamilika, "mjomba umenunua gemu mpya?" Sasa mjomba utasemaje hapo. Kesho yake nikaenda mjini, duka silitaji, nikamwambia yule kijana kaka nataka gemu ya PlayStation 4, PS4, watu wanne, watoto wapo na bibi yao yupo. Akanitolea moja ya mbio za magari, na yenyewe siitaji, kavani watoto wanne wa katuni wanacheka meno yote nje, pembeni PEGI 3, ile alama ya umri ya Ulaya. "Hii ndio yenyewe mkuu, wanne wanacheza." Nikamuuliza wanne kabisa? "Wanne kabisa." Elfu 85 ikaenda.

Nyumbani Buzuruga, CD ndani, inataka apdeti ya GB 47. Nikaunga bando la GB 20, likafia kwenye asilimia 42. Watoto wamekaa kwenye mkeka wanautazama ule mstari wa bluu unavyosogea kama wanaangalia penati. Siku ya pili bando lingine, usiku umeme ukakata. Siku ya tatu bando la tatu, hapo hesabu ya mabando peke yake sitaki hata kuifanya, mke wangu naye anapita pita humu.

Ikafunguka. Nina pedi mbili za kuchezea, mbili nimeazima kwa jirani, moja stiki yake, kile kijiti cha kuelekeza, inajiendea kulia yenyewe lakini kwa mbio za magari tukasema itasaidia kwenye kona. Natafuta pa kuongeza mchezaji wa pili, hakuna. Narudi nyuma, naingia kwenye setingi, natoka, nabonyeza kila kitu, hakuna. Ikabidi nigeuze kava nisome yale maandishi ya nyuma, madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa. Mchezaji 1. Pembeni yake, wachezaji wa mtandaoni 2 mpaka 4. Chini yake, mtandaoni mpaka ulipie.

Mmeelewa lakini? Ili hawa watoto watatu na bibi yao wacheze pamoja inabidi nitafute PS4 nne, TV nne, CD nne, malipo ya mwezi mara nne, na intaneti ya kubeba mzigo wote huo. Ile familia ya kwenye kava inakaa nyumba nne tofauti.

Kilichoniuma zaidi ni Doto. Yule mkubwa alishaelewa mchezo umeharibika, akamwambia mdogo wake "we bonyeza tu, wewe ndio ile gari ya kijani". Basi mtoto ameshika pedi iliyozima, ulimi nje, anakata kona na mwili mzima, anashangilia kabisa, dakika kumi zima ile gari ya kijani inaendeshwa na mashine. Mpaka ilipodondoka daraja ndio akaniangalia, "mjomba, mimi sikuidondosha". Hapo nikavaa viatu nikarudi mjini.

Jibu la dukani: "CD ikishafunguliwa hairudi kaka. Na mimi sijakudanganya, wanne wanacheza. Kila mtu kwake." Kudadeki.

Sasa hasira yangu haiishii kwa muuzaji, maana yule kava kaisoma kama nilivyoisoma mimi. Nimewakumbuka wachambuzi wenzangu. Kabla sijanunua niliangalia video ya jamaa mmoja, anaipa tisa kwa kumi, "ya kukaa na familia wikiendi". Nikamfuata inbox, mkuu hii uliicheza na nani? Akajibu bila aibu, niliicheza peke yangu, wengine maboti, yaani mashine yenyewe. Unachambua gemu ya familia peke yako usiku wa manane umevaa hedifoni? Hiyo ni sawa na mtu kuonja wali akiwa na mafua.

Na msinicheke, hata mimi nina dhambi yangu na leo naitoa. Niliwahi kuisifia Cuphead kwenye grupu. Inaonekana katuni ya zamani ile ya miaka ya 1930, wachezaji wawili TV moja, PEGI 7, nikaandika "nzuri sana kwa mzazi na mtoto". Nilikuwa nimeicheza na rafiki yangu, wote tuna ndevu. Baba mmoja wa Sengerema akainunua kwa maneno yangu, ana watoto wa miaka 7 na 9. Wiki moja baadaye akanitumia voisi, sauti ya upole ndio inauma, "ndugu yangu, tumekufa mara sitini hatujavuka daraja la kwanza, huyu mdogo anasema hataki tena gemu". Cuphead inaua watu wazima wakuu! Ni gemu nzuri sana lakini sio ya mtoto wa miaka 7 kushika pedi mara ya kwanza.

Kosa langu pale ni kosa la wazazi wengi kwa hiyo niliseme vizuri. Ile namba ya PEGI, 3, 7, 12, 16, 18, haipimi ugumu. Inapima kilichomo, damu, matusi, vitisho, kamari. PEGI 3 haina maana mtoto wa miaka 3 ataiweza, maana yake hakuna cha kumharibu. Gemu ya mpira ina PEGI 3, jaribu kumpa mtoto wa miaka 3 apige kona uone. Na hiyo hiyo ya PEGI 3, FIFA 23 kwa mfano, ukisoma vizuri imeandikwa kuna manunuzi ndani, na vitu vya kubahatisha. Yale mapakiti ya wachezaji, unalipa hujui utapata nani. Ubelgiji waliyaita mapakiti ya namna hiyo kamari mwaka 2018, na mwaka 2019 pointi za FIFA za kuyanunulia zikaacha kuuzwa kule. Huku kwetu tunaona 3 tunasema safi, mpe mtoto simu ya mama yenye pesa ndani.

Na It Takes Two pia. Kila orodha ya "gemu za familia" ipo, na ilichukua tuzo ya gemu bora ya mwaka 2021, sibishi, mimi na mke wangu tumeimaliza na tumeipenda kuliko kitu chochote nilichocheza. Lakini ni ya watu wawili tu, wa tatu atazame. Halafu hadithi yenyewe ni baba na mama wanaotaka kuachana. Kuna sehemu wazazi wanaamua kumwangamiza tembo wa kuchezea wa binti yao ili binti alie, na wewe ndio unamburuta kwa mkono wako, tembo anaomba asifanyiwe hivyo, sikio linachomoka. Kulwa alikuwa nyuma ya kochi mimi sijui. Siku mbili halali bila taa. Imeandikwa PEGI 12, hilo ni kosa langu, lakini hivi hao wanaoandika orodha wameshawahi kukaa na mtoto?

Ili msiseme nalalamika tu. Usiku ule wa siku ya tatu, watoto wamenuna, nikatoa Overcooked ya zamani, ile ya kwanza ya mwaka 2016. Wale wasioijua, mko jikoni, mnakata vitunguu vitatu vitatu mnatia kwenye sufuria, ikiiva mnapakua mnapeleka dirishani, sahani zikirudi chafu mtu aoshe, mkisahau sufuria jikoni inawaka moto. Ni hivyo tu. Na ina kitu ambacho wengi hawakijui, watu wawili wanaweza kugawana pedi moja, huyu stiki ya kushoto huyu ya kulia. Pedi mbili watu wanne! Hapo ndio namheshimu mtu aliyekaa akafikiria nyumba yenye pedi mbili.

Sasa mama yangu alipika pale Mwaloni miaka na miaka, mama lishe wa kweli, wavuvi na wapakizi wa dagaa wanamjua. Gemu hajui. Nikampa nusu ya pedi na Doto nusu nyingine. Dakika ya kwanza anazunguka ukutani. Dakika ya tano ameacha kuangalia mtu wake anaangalia jiko zima: "Bebe! Kitunguu! Sufuria hiyo nani kaiacha? Mnawasha moto halafu mnakimbilia wapi? Wewe Kulwa, sahani, kazi yako sahani, usiguse kisu!" Kulwa akaosha sahani usiku mzima hajalalamika hata mara moja, mtoto ambaye kwao hagusi kikombe. Yule wa miaka 12, mjuaji wa gemu, ndio alikuwa anafukuzwa jikoni kwa kuunguza. Tulimaliza jiko lile na nyota mbili, mama akauliza ya tatu nani kaichukua.

Hiyo ndio gemu ya familia. Gemu ya 2016, apdeti kidogo, intaneti haitaki. Wanaotaka ya polepole, ile Overcooked iliyounganishwa, ya kwanza na ya pili pamoja, All You Can Eat, ina msaada wa kuongeza muda, na kuruka palipowashinda. Rocket League nayo, ile ya magari kucheza mpira, tangu 2020 ni ya bure, inagawa skrini mpaka wanne na hata mtandaoni haitaki yale malipo ya mwezi, ila mtoto wa miaka 6 atagombana na mpira. Kwa mwenye Switch, mashine ya Nintendo, Mario Kart 8 Deluxe ina usukani wa kusaidia, gari haitoki nje ya barabara hata mtoto akikandamiza tu mafuta, na mashine ikitoka kwenye boksi Joy-Con zake mbili, ndio pedi zake ndogo, zinatosha watu wawili. Mimi Switch sina, niliicheza kwa jamaa yangu Capri Point, nikarudi nyumbani na wivu.

Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Najua mtakuja na "mkuu kugawa skrini ni kazi nzito". Najua, TV ikigawanywa mara nne mashine inachora ile dunia mara nne kwa wakati mmoja, lazima upunguze kitu. Sasa punguza majani! Punguza maji yanayong'aa, mtoto haangalii majani. PS2 ilikuwa na matundu mawili ya pedi, na mabanda ya gemu ya Mabatini yalijaa watu ishirini nyuma ya wachezaji wawili, anayefungwa anatoka, hakuna aliyelalamika majani. Halafu kuna hesabu nyingine ambayo kavani haiandikwi, kochi moja linauza CD moja, nyumba nne zinauza nne. PS3 mtandaoni ilikuwa bure, ilipokuja PS4 mwaka 2013 ikawa ya kulipia. Na hata ukitaka kulipia, fungua akaunti ya PlayStation uone, ukifika kwenye kuchagua nchi Tanzania haimo, inabidi uchague nyingine. Tupo Buzuruga lakini kwa karatasi sisi wakazi wa Afrika Kusini.

Ninachotaka ni kitu kidogo tu. Neno "wachezaji 4" liandikwe na mahali wanapokaa. Na nyie mnaochambua, kabla hujaandika "familia" tafuta mtoto mmoja, tafuta mtu mzima mmoja asiyejua pembetatu ipo wapi kwenye pedi, wape, wewe kaa kimya dakika ishirini uandike ulichokiona. Mimi kuanzia sasa napima kwa mama. Akiomba ya pili, nasifia.

NYONGEZA: Nimeona majibu. Anayesema "ungesoma nyuma ya kava", ni kweli mkuu, umeshinda, lakini wewe ulishasoma nyuma ya kava duka limejaa foleni na muuzaji ameshikilia chenji yako? Anayeuliza jina la duka, sitaji, msinitafutie kesi. Na wa Igoma anayeuliza kama Overcooked naikodisha, hapana, mama ameikalia.

Ile ya elfu 85 ipo, haina mkwaruzo. Elfu 40, tunaonana Buzuruga stendi. Anacheza mmoja.