Fumbo la nota tano: mi, la, mi, re, la. Anaitwa nani?

MwanaKatuba (Lubumbashi)
Jambo sana ndugu wote. Kwenye karatasi ya mafumbo ya Jumamosi hii tumebakiwa na mawili.

La kwanza: «Mwaka 1953 pembe ya okestra inamwita mwanamke mara 12, kwa nota tano tu: mi, la, mi, re, la. Mtungaji anajibu kwa jina lake mwenyewe. Mwanamke huyo ni nani?» Tuligeuza nota kuwa herufi za Kijerumani (la ni A, re ni D, mi ni E), tukapata E A E D A. Tukasoma kinyumenyume, tukajaribu na solfa ya korali, bure.

La pili: «Tuko wawili, jina moja. Mmoja aliwapa waimbaji silabi, mwenzake aliipa Misa ngoma. Wa pili alifanyia kazi wapi?»

Tunaomba njia, si jibu peke yake.

Kadutu_Tenor (Bukavu)
Ndugu, mlango ni ule mwaka. Anzeni hapo kabla ya kugusa herufi. Simfonia ya 10 ya mtungaji Mrusi Shostakovich ilipigwa mara ya kwanza Desemba 1953, na katika sehemu yake ya tatu mtungaji anaweka sahihi: re, mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu hatua), do, si. Kwa Kijerumani ni D, Es, C, H. «Es» inasikika kama herufi S, kwa hiyo inatoka DSCH: D ya Dmitri, na SCH ya Schostakowitsch, jinsi Wajerumani wanavyoliandika jina hilo. Ukishika tahajia ya Kiingereza, «Sh», hufiki popote. Sahihi hiyohiyo ndiyo inafungua kwarteti yake (muziki wa vyombo vinne) ya 8 ya mwaka 1960, kwa hiyo ikariri. Mafumbo yanairudia sana.

Sasa nota tano. Kosa lenu ni kushika lugha moja kwa nota zote. Hapa lugha mbili zimechanganywa: ya kwanza na ya mwisho zinasomwa Kijerumani, tatu za katikati Kifaransa. E, La, Mi, Re, A. Kutoka La chukua L, kutoka Re chukua R, Mi ibaki nzima: E-L-Mi-R-A. Elmira. Ni Elmira Nazirova, mpiga piano na mtungaji wa Azerbaijan aliyekuwa amesoma kwake. Hiyo Mi inayobaki nzima ndiyo inayokwamisha watu, kwa sababu nota ni tano na herufi ni sita.

Mama_Himbi (Goma)
Kadutu amesema vema, lakini mkienda kuhakiki kwenye partisyoni (karatasi ya nota za okestra nzima) mtashtuka. Pembe imeandikwa katika Fa, na inasikika kwinti moja (nota tano, ukihesabu na ile ya kuanzia) chini ya maandishi. Kwenye karatasi mtaona si, mi, si, la, mi. Msidhani fumbo limekosea. Teremsheni kila nota kwinti moja, mtapata mi, la, mi, re, la.

Na ile solfa ya korali, papa, iacheni kwanza. Ndani ya solfa do inahama: wimbo ukiwa katika Sol, do yenu ni sol ya piano. Mafumbo ya majina yanataka do isiyohama. Tena, nota ya saba ya solfa inaandikwa «ti», ya Wafaransa ni «si». Ukiona «ut» mahali pa do, jua mtunga fumbo amekupeleka kwa Wafaransa au karne za nyuma, na hapo nampenda sana mtungaji wa zamani Josquin des Prez. Alichukua irabu za «Hercules Dux Ferrarie» (Kilatini: Herkule, mtawala wa Ferrara), e-u-e-u-e-a-i-e, akazifanya re, ut, re, ut, re, fa, mi, re, akajenga Misa nzima juu yake. Hakuna herufi za nota hata moja pale, ni irabu tupu.

La pili mnalo nyumbani kwenu! Guido wa Arezzo ndiye mwenye silabi ut, re, mi, fa, sol, la, alizozitoa katika utenzi wa Mtakatifu Yohane. Guido wa pili ni padri Guido Haazen, wa Missa Luba, ile Misa ya ngoma za Kikongo, ya mwaka 1958. Jibu ni Kamina.

MwanaKatuba (Lubumbashi)
Aksanti sana, mama, na wewe yaya Kadutu. Kamina, na sisi tuko hukuhuku Katanga! Swali moja tena: Mfaransa Ravel mwaka 1909 aliandika menueti (muziki wa dansi) juu ya jina la mtungaji Haydn. Y na N zinatoka wapi? Hakuna nota Y kwa Mjerumani.

Kadutu_Tenor (Bukavu)
Kwa Wafaransa chora jedwali. Mstari wa juu: la, si, do, re, mi, fa, sol. Chini yake andika A hadi G, kisha H hadi N, kisha O hadi U, mwisho V hadi Z. Y inaangukia re, N inaangukia sol. H peke yake Ravel aliiacha kwa Mjerumani, yaani si. Inatoka si, la, re, re, sol.

Jipimeni kwa Gabriel Fauré, jina ambalo Ravel alilitungia mwaka 1922: sol, la, si, re, si, mi, mi, kisha fa, la, sol, re, mi. Angalieni B: hapa ni si ya kawaida, wakati B ya Mjerumani ni si bemoli. Jina la BACH lingeharibika mkikosea hapo, maana linahitaji si bemoli, la, do, si.

Mama_Himbi (Goma)
Niongeze moja tu. «D. 759» si toni ya Re. D mbele ya namba ni Deutsch, aliyepanga kazi za Schubert. 759 ni simfonia isiyokamilika, na toni yake ni si ndogo (si minor). K ni Köchel kwa Mozart, Hob. ni Hoboken kwa Haydn. Herufi ikiwa na nukta na namba nyuma yake, msiiimbe.