Uenyekiti, harakati za usawa wa jinsia na familia: mnawezaje wenzangu?

Mama_Watatu:

Habarini wadau, naombeni ushauri ila msome mpaka mwisho kwanza ndo mnihukumu.

Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, nina kazi ya kuajiriwa, halafu juu ya hapo ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama na nipo kwenye kamati inayoshughulikia kesi za ukatili wa kijinsia. Sikuyaomba yote kwa mkupuo. Nilianza mjumbe wa kawaida tu, sasa ukiwa unaweza kuongea na mwandiko wako unasomeka wanakupa ukatibu, ukatibu ukaenda vizuri wakanipa uenyekiti, basi nikajikuta kila kitu kinapita kwangu. Kazi yenyewe naipenda, nikisema siipendi ntakuwa muongo. Nimeona mabinti wakirudi shule, nimeona mjane akibaki kwenye nyumba yake ambayo ndugu wa marehemu walishaanza kuigawana, hivyo vitu vinampa mtu nguvu jamani.

Shida iko nyumbani. Simu inalia saa tano usiku, mtu kapigwa, hana pa kwenda, kweli nikate? Napokea, natoka chumbani naongea kwa sauti ya chini, nikirudi mume kanigeuzia mgongo, na saa kumi na moja alfajiri niko macho naandaa watoto. Mume wangu sio mtu mbaya, nalisema hilo mapema maana nawajua mtamvamia. Hanikatazi. Ila hakuna kitu anafanya mpaka aambiwe. "We niambie tu nifanye nini, nitafanya." Sasa huko kumwambia si kazi nyingine tena? Chanjo ya mtoto nikumbuke mimi, kikao cha wazazi mimi, sare imechanika mimi, gesi inakaribia kuisha mimi. Na nisipokuwepo, binti yangu mkubwa ndo anaosha vyombo na kuwaogesha wadogo zake, kaka mtu yuko kwenye TV. Ameshaanza kuniambia "mama kila siku mikutano". Halafu mimi huyo huyo nasimama mbele za watu nafundisha mgawanyo wa majukumu!! Juzi kwenye kikao mzee mmoja akaniuliza, mwenyekiti, leo watoto umemwachia nani? Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, ila liliniuma.

Kuna wanaonishauri niachie ngazi watoto wakue kwanza. Wengine wanasema nikiachia ndo watapata la kusema, mnaona, wanawake hawawezi. Mnafanyaje nyie?

Kichwa_Ngumu:

Pole dada ila ukweli usemwe. Unazima moto kwenye nyumba za watu kwako kunafuka moshi. Kiongozi anaanzia nyumbani. Watoto wakiharibika hicho kikundi hakitakusaidia kitu. Pumzika, uenyekiti utaukuta.

Bi_Mstaafu:

Wewe Kichwa Ngumu jina umejipa mwenyewe. Hebu niambie, huyo mzee aliyeuliza watoto wameachiwa nani, alishawahi kumuuliza mwenyekiti mwanaume swali hilo? Mimi nimekaa kwenye vikao vya jamii mpaka nimestaafu, wenyeviti wanaume wenye watoto wadogo nimewaona wengi tu, wanarudi kwao usiku wa manane, sijawahi kusikia hata mara moja mtu akiwauliza watoto wako na nani. Jibu linajulikana.

Na sio mambo ya huku kwetu tu. ILO, lile shirika la kazi la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti 2018 kuhusu kazi za matunzo zisizolipwa, yaani kupika, kufua, kulea, kuuguza, wakakuta wanawake wanabeba asilimia 76.2 ya saa zote zinazotumika humo, zaidi ya mara tatu ya wanaume, na hakukuwa na nchi hata moja ambayo wamelingana. Hata moja! Kwaiyo Mama Watatu mwanangu usidhani umeshindwa kupanga ratiba. Ratiba hata uichore kwa kalamu za rangi, saa zinabaki ishirini na nne.

Sasa kuhusu huyo mkwe wangu wa "niambie nifanye nini". Hapo ndo penye ugonjwa wenyewe. Mtu wa hivyo anakuwa kibarua wa nyumba yake, msimamizi ni wewe, na usimamizi unachosha kuliko kufua. Usimwombe akusaidie, mkabidhi. Chukua eneo zima, tuseme afya ya watoto. Kadi za kliniki zikae kwake, tarehe azijue yeye, dawa zikiisha ajue yeye, mtoto akipata homa usiku anayeamka yeye. Kukumbuka ni kwake, kufanya ni kwake, kumaliza ni kwake. Halafu, hapa wanawake wengi ndo tunaposhindwa, ukishakabidhi NYAMAZA. Usimkumbushe, usichungulie kadi, asipoenda jumanne ataenda alhamisi, akimvalisha mtoto soksi mbili tofauti mtoto hafi. Ukianza kusahihisha anakurudishia kazi yako na kicheko juu.

Na ukiulizwa hizi habari za kugawana majukumu unazitoa wapi, waambie ziko kwenye CEDAW, ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake. Kifungu cha 5 kinasema malezi ya watoto ni jukumu la mwanaume na mwanamke kwa pamoja, na cha 11 kinataka serikali ziweke huduma kama za kulelea watoto ili wazazi waweze kuchanganya familia na kazi NA kushiriki mambo ya umma. Mambo ya umma ndo huo uenyekiti wako. Serikali nyingi zilisaini, vya kulelea watoto ndo hivyo tena tunavitafuta kwa tochi.

Mume_wa_Mheshimiwa:

Shikamoo Bi Mstaafu. Naomba niongee kama mwanaume maana mke wangu ni kiongozi wa kuchaguliwa na haya mambo yapo kwangu.

Kwanza, kilichokuwa kinanikera mimi wala sio kupika. Kupika nilijifunza, mbona kazi ya kawaida tu. Kilichonikera ni kusikia habari za mke wangu kwa watu. Nakutana na jirani ananiambia mama leo yuko kwenye kikao mpaka usiku, mimi sijui! Unajisikia kama mpangaji. Tukaanza utaratibu, jumapili jioni kila mtu anaweka wiki yake mezani, mimi nina nini, yeye ana nini, nani anarudi mapema siku gani, tunaandika kwenye karatasi tunabandika jikoni. Siku ambayo sote tuna kitu, mmoja anaahirisha, na sio lazima awe yeye. Dada yangu ujue hapo ndo mwanaume anapimwa, akikubali kuahirisha cha kwake.

La pili marafiki. Watakuja kumwambia umekaliwa, umelishwa kitu. Mimi waliniambia wakaniambia. Mumeo atayapata haya na pengine ameshayapata hajakwambia, ndo anakugeuzia mgongo. Muulize taratibu siku mmetulia, usimuulize baada ya simu ya usiku.

La tatu sijaona mtu ameligusa na ndo kubwa. KESI ZA UKATILI ZINA WENYEWE. Yule aliyempiga mkewe anajua aliyempeleka kituoni ni nani na anapajua unapoishi. Kwetu alishakuja mtu kusimama getini anatukana, watoto wanasikia. Mke wangu alikubali hatari hiyo, mimi na watoto hatukuulizwa. Baada ya hapo tukakubaliana mhanga haletwi nyumbani na kesi haisikilizwi sebuleni hata iweje, kuna polisi, kuna hospitali, kuna ustawi wa jamii, anapelekwa huko na anasindikizwa na wawili. Majina ya watu hayatajwi mezani watoto wakiwepo. Hii ni usalama wenu na usalama wa huyo mhanga pia, maana kwako ndo sehemu ya kwanza mumewe ataenda kumtafuta.

Nyota_ya_Jioni:

Mimi nimekulia kwenye nyumba kama yako, mama mwanaharakati, mimi ndo huyo binti mkubwa 😅 so ngoja nimsemee.

Wala usijipe presha eti watoto wataharibika kwasababu mama haupo jioni. Nilikuwa najivunia mama balaa, akiongea mbele za watu mimi nakaa kiti cha mbele. Kilichokuwa kinaniuma ni kitu kimoja, kila mama akitoka kwenda kutetea haki za mabinti mimi nabaki na jukumu lake. Kaka yangu tumepishana mwaka mmoja tu, yeye anaenda mpirani, mimi naogesha watoto, kisha naanza homuweki saa tatu nasinzia juu ya daftari. Mama hakuliona kwasababu akirudi nyumba ni safi, watoto wamelala. Mzigo haukugawanywa pale, ulishuka tu kutoka kwa mwanamke mkubwa kwenda kwa mwanamke mdogo.

Kwaiyo binti akikwambia "mama kila siku mikutano" usikimbilie kusikia nimekumiss, inawezekana anakwambia nimechoka. Huyo kijana mtoe kwenye TV leo leo. Kuosha vyombo zamu kwa zamu, jina lake liwe kwenye hiyo karatasi ya jikoni ya Mume wa Mheshimiwa, na anayemfuatilia awe baba yake, maana ukimfuatilia wewe ataona ni kampeni zako tu, akimwona baba ameshika sponji hana cha kubisha.

Na kuna watakaokwambia weka dada wa kazi yaishe. Weka kama uwezo upo, ila kumbuka na yeye ni mwanamke. Kuna mkataba wa ILO namba 189 wa mwaka 2011 wa wafanyakazi wa majumbani, saa za kupumzika, siku ya mapumziko kila wiki, masharti ya kazi yanayoeleweka. Utakuwa unahubiri usawa ukumbini huku nyumbani kuna binti anaamka saa kumi na hajui jumapili ni nini? Nimeyaona hayo kwa viongozi wa haki za wanawake kabisa, tena wenye majina, nanyamaza.

Kichwa_Ngumu:

Sawa nimewasoma, hilo la binti limenigusa nina mabinti pia. Ila bado hamjajibu swali, aachie au asiachie? Maana mnampangia mume, mtoto, dada wa kazi, na yeye mwenyewe bado ana vyeo viwili na ajira.

Mama_Watatu:

Jamani asanteni, nimesoma mara mbili. Hilo la getini Mume wa Mheshimiwa limenitetemesha maana kwangu wahanga wanakuja mpaka mlangoni. Leo jioni naongea na mzee wangu na naanza na hilo la usalama kabla ya vyombo.

Kichwa Ngumu hapo umeuliza la maana. Bi Mstaafu na wengine, simu za usiku je? Nikizima nalala na dhambi. Na makamu ninaye ila akipigiwa anasema "subirini mwenyekiti".

Bi_Mstaafu:

Anasema subirini mwenyekiti kwa sababu anajua mwenyekiti atapokea. Mimi ningekuwa wewe namba yangu binafsi ingetoka kabisa kwenye hizo kesi. Kamati inunue laini yake, simu yake ndogo ya bei rahisi, izunguke kwa wajumbe wiki kwa wiki, anayeishika wiki hiyo ndo anaamka. Pembeni yake pawe na daftari lenye namba za polisi, hospitali, ustawi wa jamii na mtu wa sheria, ili hata mjumbe mgeni ajue aanzie wapi. Wiki ambayo sio yako unalala. Wakikupigia wewe unawapa namba, basi, tena kwa upole. Mwezi wa kwanza watanuna.

Kuachia: vyeo viwili ni vingi. Chagua kile ambacho ukiondoka kitakufa, ukae hapo huku unamfundisha mtu, kingine mpe makamu kwa kikao rasmi, aapishwe apigiwe makofi, sio kumwachia kimya kimya kama umekimbia. Na wanaosema ukiachia wanawake wote wataonekana hawawezi, achana nao, huo ni mzigo mwingine hakuna mwanaume anabebeshwa. Jacinda Ardern wa New Zealand alijifungua akiwa waziri mkuu mwaka 2018, mwenzake ndo akawa anakaa na mtoto, na mwaka 2023 akasema hadharani kwamba hana tena nguvu za kutosha kuifanya ile kazi, akaondoka. Nchi haikuanguka. Na Vigdís Finnbogadóttir wa Iceland alichaguliwa rais mwaka 1980 akiwa mama anayelea mtoto peke yake, wakamuuliza uliza kweli, akakaa miaka 16. Mmoja aliondoka na mmoja alikaa, kila mtu na hesabu yake.

Ila Iceland ujue miaka mitano kabla, tarehe 24 Oktoba 1975, karibu asilimia 90 ya wanawake waligoma kazi zote, za ofisini na za nyumbani, siku nzima, wanaume wakabeba watoto kwenda nao kazini. Sikufundishi mgomo mimi, ila na wewe safiri siku mbili kwa shughuli za kamati usiache maelekezo jikoni uone.

Mume_wa_Mheshimiwa:

Hapo kwenye safari ya siku mbili nathibitisha 😂 ndo nilijua gesi huwa inaisha.

Mama Watatu nyongeza ndogo, ile laini ya kamati isikae na mjumbe ambaye mumewe ana tabia ya kushika simu za watu. Siri za wahanga zilishatoka kwa njia hiyo, mchunguzane kwanza kabla ya kupanga zamu.

Mama_Watatu:

Hilo wala sikuliwaza, kuna mmoja namfahamu kabisa. Naliweka kwenye ajenda ya kikao cha kamati, pamoja na la makamu.