Msaada: Tanki la samaki la mbao linavuja kwenye kona, na rangi ya epoksi bado inanata (Uyole, Mbeya)

Mwana wa Matema

Wakuu, habari za saa hizi. Naombeni ushauri kabla sijaharibu zaidi.

Baba yangu amevua samaki Matema, kando ya Ziwa Nyasa, tangu ujana wake. Mwaka huu miguu imemkataa, nimemchukua aishi nasi hapa Uyole. Kila asubuhi anauliza ziwa limeamkaje. Nikaamua kumjengea tanki kubwa sebuleni, mbele ya kiti chake, tuweke mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe ya Ziwa Nyasa.

Tanki la kioo kitupu la ukubwa huo sikuliweza kwa bei, nikajenga boksi la marini bodi (plaiwudi) ya mm 18, kioo upande wa mbele tu. Vipimo vya ndani ni urefu m 2, upana sm 60, kimo sm 60. Nimeunga kwa gundi ya mbao na skrubu, nikazungushia fremu ya mbao za 2 kwa 4. Ndani nimepaka rangi ya epoksi mikono mitatu (tabaka tatu). Kioo cha mm 12 nimekibandika kwa silikoni kutokea nje.

Nilipaka katikati ya Juni, jioni nikitoka kazini, barazani. Siku ya nne baada ya kubandika kioo nikajaza maji hadi sm 40, ndoo 24 za lita 20. Asubuhi nikakuta baraza limelowa. Maji yanatoka kona ya chini kushoto. Nimeyamwaga yote, sasa naona rangi sehemu nyingine inabanduka kama ganda la nyanya iliyochemshwa, sehemu nyingine ukigusa inanata. Nimeshatumia zaidi ya laki sita. Fundi mmoja kanishauri nipake lami juu yake. Nifanyeje?

Chimala Juu

Lami inafaa mkuu. Matangi ya zege ya ng'ombe huku tunapaka na hayavuji.

Seremala Mafinga

Kaka, lami usipake. Haitashika juu ya rangi inayobanduka, na mafuta yake yatatoka kidogo kidogo kwenye maji ambayo samaki wanayapumua mchana na usiku. Ng'ombe anakunywa akaondoka, samaki anaishi humo humo.

Nikuulize, marini bodi yako ni ile ya kahawia inayong'aa, wanayotumia kumwagia zege? Kama ndiyo, hapo pana tatizo la kwanza. Ule mng'ao ni karatasi yenye gundi iliyobanwa kiwandani ili zege lisishike. Kama zege halishiki, rangi itashikaje? Lazima uukwangue kwa msasa namba 60 mpaka uone mbao yenyewe, sehemu yote ya ndani, bila kuruka kona.

Pili, pima gundi ya bodi yenyewe. Mimi nafanya kazi na bodi kila siku, na zinazofanana kwa macho hazifanani kwa ndani. Kata kipande cha kiganja, kichemshe kwenye sufuria masaa manne, kiache kikauke, kisha ukipasue kwa patasi. Tabaka zikiachana zenyewe, hiyo bodi si ya kubeba maji. Na ile ya chini iliyolowa, pitisha rula juu yake. Kama imevimba, itoe uweke mpya. Usiihurumie.

Mpaka Rangi wa Makambako

Nimesoma mara mbili. Mwana wa Matema, wewe umepaka epoksi Juni, jioni, Uyole, barazani. Tatizo kubwa liko hapo.

Epoksi haikauki kama rangi ya mafuta. Inagandamana kwa rangi na hadina (ile dawa ya kugandisha unayochanganya nayo) kushikana zenyewe, na kushikana huko kunahitaji joto. Baridi ikizidi kazi inapungua, na epoksi nyingi chini ya nyuzi 10 zinasimama kabisa. Huko kwenu Juni na Julai usiku unashuka chini ya hapo. Kwa hiyo mkono wako wa kwanza haukuwa umekomaa ulipoweka wa pili.

Halafu kuna umande. Hadina ikikutana na unyevu na baridi inatoa utando wa mafuta mafuta juu ya rangi. Huuoni vizuri, lakini mkono unaofuata unakaa juu ya utando badala ya kukaa juu ya rangi. Ndiyo maana inabanduka kama ganda.

Sasa nijibu: hadina ulipimaje?

Mwana wa Matema

Bodi ndiyo hiyo ya kahawia, na mng'ao sikuukwangua, sikujua kabisa. Hadina nilikadiria kwa macho kwenye kopo. Mara ya tatu nakumbuka niliongeza kidogo ili ikauke haraka.

Mpaka Rangi wa Makambako

Asante kwa kusema wazi, inatusaidia sote. Hadina si kiungo cha kuongeza ili mambo yaende haraka. Ikizidi au ikipungua, inayobaki bila mwenzake itanata milele. Pima kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, kwa kikombe chenye alama au kwa mizani, koroga dakika tatu ukikwangua pembeni na chini.

Palipo pagumu, kucha haiingii, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ukisugua kwa stili waya (utando ule unatoka kwa maji), kausha, piga msasa namba 80. Ila kwa kuwa chini yake kuna mng'ao, mimi ningetoa yote. Panaponata, kwangua hadi mbao bila mjadala.

Kisha kona. Usitegemee rangi peke yake. Changanya epoksi na unga laini wa mbao mpaka iwe kama siagi ya karanga, pitisha kila kona ya ndani na kijiko ili kona iwe ya mviringo. Lalisha juu yake utepe wa nguo ya faibaglasi, uloweshe kwa epoksi. Mbao ikicheza kidogo, utepe unazuia ufa. Baada ya hapo mikono mitatu, kila mmoja juu ya uliotangulia kabla haujapita siku. Ukichelewa, msasa kwanza. Nunua epoksi iliyoandikwa inafaa matangi ya maji ya kunywa.

Na subiri Oktoba. Najua mzee anangoja, lakini Oktoba na Novemba ndiyo joto lenu, na mvua kubwa haijaanza.

Ilomba Kwetu

Kwa nini asubiri miezi yote hiyo? Aweke jiko la mkaa ndani, afunge madirisha, joto litapanda.

Dada Nesi

Tafadhali, ndugu zangu, hapana. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanakufa usingizini kila msimu wa baridi. Ndani ya nyumba hiyo kuna mzee na watoto. Ongeza mvuke wa rangi unaoweza kushika moto. Bora asubiri.

Mpaka Rangi wa Makambako

Dada kasema kweli. Moto wa mkaa pia unajaza chumba hewa ya ukaa, nayo inaleta utando ule ule.

Fundi Vioo Mwanjelwa

Niongezee la kioo. Kioo kinawekwa kwa NDANI, kikiegemea fremu yenye ukingo wa sm 7 au 8 pande zote nne. Maji yakifika sm 55, kioo chako kinasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 300. Kikiwa ndani, maji yanakikandamiza kwenye fremu. Kikiwa nje kama ulivyofanya, maji yanakibandua, na silikoni peke yake ndiyo inashikilia.

Silikoni mpya haishiki kwenye ya zamani, hivyo kwangua yote kwa wembe, futa kwa spiriti. Tumia ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuvu. Ile ya bafuni ina dawa inayoua samaki. Usikikandamize kioo hadi silikoni yote itoke, weka vipande vya plastiki vya mm 3 katikati. Ngoja siku 10.

Kyela Mpunga

Nafurahi mtu anamkumbuka baba yake hivi. Mbuna wanataka nyuzi 24 hadi 28 na mawe mengi ya kujificha, na maji yenye pH (kipimo cha uchachu) 7.7 hadi 8.6 kama ya ziwa. Uyole bila hita hawatadumu. Chukua hita mbili za wati 300. Kwa lita 660 zinapandisha nyuzi moja kwa kama saa moja na robo, tena bila kuhesabu joto linalopotea. Mbao inatunza joto kuliko kioo, hapo ulichagua vizuri. Kabla ya kubeba samaki hai, pitia kwa afisa uvuvi wa wilaya, uulize kibali.

Mwana wa Matema

MREJESHO, Novemba.

Wakuu, kipande nilichokichemsha kiliachana tabaka tatu. Niliuza bodi ile kwa mtu wa zege, nikaagiza nyingine Mafinga. Nikakwangua, nikapima hadina kwa mizani ya jikoni, nikapaka saa nne asubuhi kukiwa na jua. Safari hii siku ya pili kucha haikuingia.

Nimejaza kwa hatua tatu, siku moja moja, nimetandika magazeti makavu chini. Leo ni siku ya tisa, maji yako sm 55, magazeti ni makavu. Kesho namwaga, nasuuza mara mbili, tunaliingiza sebuleni, na sakafu nimeshaipima kwa pimamaji.

Samaki bado. Baba ameomba mawe yatoke Matema, si ya mto wa hapa, na ameshamtuma kijana wa kaka yangu, kamwelekeza hadi mahali pa kuyaokota. Ndaga fijo (asanteni sana) wote. Kyela Mpunga, nitakutafuta kuhusu kibali.