Muhtasari wa kikao cha ukoo: kwa nini mahakama bado zinaudai?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kaka yangu alifariki mwaka jana. Aliacha mke, watoto watatu, nyumba Mbagala ambayo haijapigwa ripu, kiwanja Kibaha na akiba kidogo benki. Wosia hakuacha. Shemeji alipokwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi, karani akamtajia vya kuleta: cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa na muhtasari wa kikao cha ukoo, ile karatasi ambayo ndugu wanampendekeza msimamizi wa mirathi. Vile viwili vya kwanza alivipata ndani ya wiki mbili. Muhtasari umekula miezi saba.

Mwenyekiti wa kikao ni baba yetu mdogo. Hakukataa kusaini, alisema tu "kwanza tuelewane" kuhusu Kibaha, na pale sebuleni hakuna ambaye hakumwelewa. Miezi saba shemeji anakopa ada huku pesa ya mumewe imelala benki.

Hoja yangu: muhtasari uache kuwa tiketi ya kuingilia mahakamani. Nimepitia Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, na zile kanuni za mahakama za mwanzo za 1971. Sijaona palipoandikwa kwamba bila karatasi ya ukoo ombi lisipokelewe. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linasema mwombaji awe mtu mwenye maslahi katika mirathi, na mahakama inaweza hata kumteua msimamizi yenyewe bila kuombwa. Majaji wa Mahakama Kuu nao wameshaandika kwenye hukumu kwamba kikao ni desturi tu. Sasa dirishani muhtasari unadaiwa kwa sheria gani?

Mchangiaji, Moshi

Kijana wangu, pole kwa msiba, lakini umekuja na hasira ya baba yako mdogo ukataka kuvunja nyumba nzima. Nimekaa vikao vingi. Kimoja, mjane alishaandika majina ya watoto wanne. Shangazi mtu akasimama: wako sita, wawili wapo Arusha na mama yao, na ada yao marehemu alikuwa akinipa mimi nipeleke. Mjane mwenyewe alikuwa hajui. Hakimu angejulia wapi? Kwenye tangazo lililobandikwa ubaoni mahakamani, ambalo hakuna anayelisoma?

Na kihamba, shamba la ukoo kwetu Wachaga, je? Kihamba kina makaburi. Mpe mtu mmoja usimamizi kimyakimya, mwezi unaofuata utamkuta anapima hatua na mnunuzi.

Mchangiaji mwingine

Ukoo upi mzee, huu unaofika na Fuso la kubebea vyombo kabla hata ya arobaini?

Mchangiaji, Bukoba

Mimi ni mjane, nimekaa kwenye kikao hicho upande wa kusemewa. Mnabishana kana kwamba kikao kinachagua jina la msimamizi tu. Kinachagua na sheria.

Mwanamke mmoja wa Tanzania Bara anaweza kuangukia sheria tatu. Marehemu akiwa Mwislamu na ana watoto, mke anapata thumuni, yaani moja ya nane. Ikionekana aliishi nje ya mila, inatumika Sheria ya Urithi ya India ya 1865 (India wenyewe waliiweka kando karne iliyopita), na mjane mwenye watoto anapata theluthi. Ikionekana aliishi kimila, tunarudi kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963: mjane hana fungu, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza. Mtoto wa kike naye ardhi ya ukoo anaitumia tu, haiuzi.

Sasa mahakama inajuaje marehemu aliishi vipi? Inaangalia mwenendo wake. Na wa kuueleza mwenendo huo ni nani? Shemeji zangu. Mume wangu alifunga ndoa kanisani, akafanya kazi ya ofisini miaka ishirini na kitu, kijijini alikuwa mtu wa Krismasi. Kwenye muhtasari wakaandika sentensi moja: "marehemu alifuata mila na desturi za Kihaya." Nikaletewa nisaini kabla hata sijavua kitambaa cheusi.

Msiniambie mahakama itasahihisha. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, pale Mwanza, kwenye kesi ya Ephraim na Holaria Pastory, alikubali kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza kibanja, shamba la ukoo, alichoachiwa na baba yake. Tukashangilia. Mwaka 2006 wajane wawili wakaipinga hiyo sheria ya 1963, Mahakama Kuu ikakiri ubaguzi upo lakini haikuifuta. Walifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, ikawapa haki mwaka 2015. Wenzetu Kenya wana sheria yao moja ya urithi tangu 1981, na hata wao hawajamaliza ugomvi.

Mchangiaji, Tanga

Kwetu Waislamu mafungu yalishapangwa, kikao hakiongezi wala hakipunguzi. Kinachotuumiza ni msimamizi mwenyewe. Akishateuliwa anajiona mrithi mkuu. Mahakama ya mwanzo inampa miezi minne alete orodha ya mali na madeni ya marehemu kwenye fomu namba tano. Nani kati yenu amewahi kuiona hiyo fomu imejazwa? Kodi ya nyumba anakula yeye, ukiuliza unaambiwa mirathi bado. Futeni muhtasari, ubakizeni, shauri yenu. Mimi nataka karani anayeudai muhtasari kwa ukali huo aidai na fomu namba tano.

Mleta mada

Dada wa Bukoba, hilo la kuchagua sheria sikuwa nimeliona. Nimerudi kuusoma muhtasari wetu, ule ambao haujasainiwa. Sentensi hiyo hiyo imo, neno kwa neno, sema sisi ni Wazaramo.

Mzee wa Moshi, kwa wale watoto wa Arusha umenishinda nusu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa faida ya mali ya mzazi wake, na mtu wa kumtaja lazima apatikane. Basi shangazi aitwe mahakamani aseme, aapishwe, aulizwe maswali. Saini ya mwenyekiti haiulizwi swali. Na kama ndugu hawaaminiani kabisa, lile Jedwali la Tano linaruhusu hakimu ateue mtu mwadilifu asiye wa upande wowote.

Sisi tumefungua bila muhtasari. Tumeweka hati ya kiapo kueleza ulivyokwama na nani kaukwamisha. Karani aligoma, hakimu akaipokea, akaagiza baba mdogo aitwe. Kesi inatajwa Jumanne. Amepiga simu kwamba hana nauli, shemeji kamtumia.