Kisu cha porini cha shilingi 7,500 kimeshindwa na kuni za mvinje, na muuzaji hajibu ujumbe

Assalaam aleykum jamani. Leo sina staha, mtanivumilia.

Nimenunua kisu kikubwa cha porini, kile kisichokunjwa, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni mwenye stoo hapa hapa Mombasa. Tangazo lake lilijaa sifa utafikiri anauza jahazi: urefu wa inchi 10 bila mpini, unene wa milimita 5, chuma cha D2 (aina ya chuma kigumu cha kutengenezea vifaa), ugumu wa 60 kwa kipimo cha Rockwell, chuma kimoja kutoka nchani hadi mwisho wa mpini, na eti hakishiki kutu hata ukitie baharini.

Kwa macho kinavutia, siwezi kukisingizia. Rangi nyeusi isiyong'aa, ala ya ngozi, mpini wa mpira unaojaa kiganjani. Uzito umeegemea mbele, na kwa kisu cha kukatia hiyo si kasoro. Sifa zikaisha hapo.

Kimekuja butu. Karatasi hakikati, kinaichana. Haya, visu vingi vya kiwandani huja hivyo, nikakinoa vizuri, digrii 20 kila upande. Dafu kikalifungua. Nikaleta kuni za mvinje, na sote twajua mvinje ulivyo mgumu, lakini si ndiyo kazi ya kisu cha porini? Mapigo machache tu, makali yakalala. Ukipitisha ukucha unakwama pale yalipojikunja. Yamelala, hayakumeguka! Mnaojua vyuma mshanielewa: D2 ya ugumu wa 60 ikizidiwa humeguka vipande vidogo vidogo, chuma laini ndicho hulala. Nikachukua tupa mpya. Kwenye chuma kigumu namna hiyo tupa huteleza ikilia. Hapa imeuma, unga wa chuma ukamwagika mezani.

Kutu nayo. Nilikifuta nikakirudisha alani, asubuhi pale rangi ilipochubuka pana vidoa vyekundu. Sasa hebu muuzaji anieleze. D2 ina kromiamu, ile inayozuia kutu, kama asilimia 12, lakini sehemu kubwa imefungwa na kaboni humo humo ndani, kwa hivyo hushika kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi yataka mafuta kila mara. Kama ni D2 kweli, "hakishiki kutu" ni uongo. Kama si D2, ugumu ni uongo na jina la chuma ni uongo. Achague mwenyewe.

Msumeno wa mgongoni hata sitaki kuuzungumza sana. Meno yote yamekaa mstari mmoja, hayakupindwa huku na huku, ukianza kukata tu unanasa. Na ukitaka kupasua kuni kwa kugonga mgongo wa kisu, meno yanalitafuna gongo lako.

Lililonipandisha damu ni mpini. Ulianza kucheza, nikaufungua. Kile "chuma kimoja mpaka mwisho" kinakatika mara tu kinapoingia kwenye mpira, kisha wamechomelea kipande cha skrubu ndefu, na kichomeleo chenyewe kina ufa. Kisu kizito hivi kikichomoka mtu anapopiga kwa nguvu, kinamwendea nani? Watoto walikuwa barazani wakinitazama!

Nikampigia muuzaji. Akaniambia: "Umekitumia vibaya, hicho si panga." Na picha ya tangazo lako yaonyesha mtu akikata gogo, bwana! Kisha ikawa bidhaa ikishatumika hairudishwi. Sasa ningejuaje ni kibovu bila kukitumia? Tangu hapo anasoma ujumbe, hajibu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Nimemtumia hicho pia, amesoma.

Wauza madafu wa Mama Ngina wanapiga kazi kutwa kwa panga zisizo na jina wala tangazo, na mpini hauchezi.

Nataka pesa zangu zote, punguzo la kisu kingine sitaki. Na wewe uliyenunua kama hiki, fungua mpini kabla hujakitumia, uweke picha hapa chini tuone. Mwenye kumjua mhunzi wa kuaminika anayefua visu kwa springi za lori, Kongowea au Likoni, aniambie bei zake.